Kalamu ya Guka Haikuwa ya 1963

Tulipomzika Guka, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Kila familia ina mtu mmoja ambaye akipatikana na kitabu mkononi mara mbili basi anatangazwa kuwa mwandishi, na kuanzia hapo barua zote za shule, mialiko ya harusi na vijitabu vya mazishi ni zake. Nikaketi na Anko, nikamsikiliza, nikaandika. Sentensi ya tano ya wasifu ule inasema hivi: "Mwaka 1963, siku chache kabla ya Uhuru, alipewa kalamu ya Parker na bwana wa shamba la kahawa alikokuwa karani, na kalamu hiyo haikutoka mfukoni mwake hadi mwisho."

Watu waliipenda. Mzee mmoja wa kanisa alitikisa kichwa. Binamu yangu aliipiga picha na kuiweka Instagramu, yenye mwanga wa jioni na kila kitu. Mimi mwenyewe, nisiwadanganye, nilijiona nimeweza.

Makala haya ni uhakiki wa sentensi hiyo. Nimeshawahi kuhakiki riwaya za watu wengine hapa na kuwasema vibaya, kwa hivyo ni haki nami nipimwe kwa mizani ileile. Na kwa kuwa ushahidi pekee nilionao ni kalamu yenyewe, itabidi niihakiki kalamu pia.

Baada ya mazishi Anko alinipa ile kalamu. "Wewe ndio mwandishi, shika." Hakuna aliyemuuliza Shosho. Naandika hivyo sasa kwa sababu siku ile hata haikunipitia akilini.

Haikuwa ikiandika. Nilijaribu kuikwaruza kwenye gazeti, nikaipasha moto kwa pumzi kama tulivyokuwa tukifanya shule ya msingi, nikaizungusha kati ya viganja. Bure. Nikaiweka mezani na nikaanza kuitazama vizuri, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kitu ukikitazama vizuri huwa kinaanza kukujibu.

Nusu ya juu ni chuma kisichoshika kutu. Nusu ya chini ni plastiki nyeusi, imepauka pale kidole gumba kilipokuwa kikikaa. Ncha ni chuma. Juu kuna kitufe: bofya, ncha inatoka, bofya tena, inaingia. Klipu ina umbo la mshale, na manyoya ya mshale yamechongwa. Huo mshale ndio kitambulisho. Parker walianza kutumia klipu ya mshale miaka ya 1930, na mpaka leo ukiuona kwenye mfuko wa shati la mtu unajua kabla ya kusoma jina. Kama ingekuwa Sheaffer ningetafuta kidoti cheupe. Kama ingekuwa Cross ingekuwa nyembamba zaidi, ya kuzungusha badala ya kubofya. Hii ni Parker Jotter, na hapo hakuna ubishi.

Jotter ina historia ambayo inanivutia kuliko sura yake. Kalamu ya gololi ilibuniwa na László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliyeona kwamba wino wa magazeti hukauka upesi ilhali wino wa kalamu yake ulikuwa ukimchafua. Pamoja na kaka yake György, aliyejua kemia, wakatengeneza wino mzito na gololi ndogo ya kuusambaza. Hataza ya kwanza ni ya 1938. Vita vikaja, wakakimbilia Argentina, wakapata hataza nyingine huko 1943. Jina lake ndilo hilo tunalotamka kila siku tukisema biro, bila kujua kwamba tunamwita mkimbizi kwa jina lake.

Kisha wafanyabiashara wakaingia. Oktoba 1945, duka la Gimbels pale New York liliuza kalamu ya Reynolds kwa dola 12.50, na watu wakajaa mlangoni. Kalamu zenyewe zilikuwa zikivuja. Marcel Bich akaja na Bic Cristal mwaka 1950 kule Ufaransa, ya bei ya chini, mwili wa kuona ndani, na hiyo ndiyo iliyotufunza sisi kuandika. Kenya hadi leo kuna watu ambao kwao kalamu yoyote ni biki, hata kama imeandikwa jina lingine ubavuni.

Parker walikaa kimya. Kampuni iliyokuwa ikiuza kalamu tangu 1888 ilingoja mpaka 1954 ndipo ikatoa Jotter. Nikiulizwa nitaje sifa moja ya kubuni ambayo waandishi chipukizi wangeiga, ni hiyo ya kukaa kimya miaka tisa wenzako wakivuja. Na walichotoa kilikuwa kimefikiriwa. Kila ukibofya, mrija wa ndani huzunguka kidogo, ili gololi na ncha zisichakae upande mmoja. Hakuna anayeuona mzunguko huo. Mtu anaweza kuishi na Jotter miaka thelathini asijue. Ufundi wa namna hiyo mimi naupenda, kwa sababu haukuombi makofi.

Lakini nina lawama pia. Ile klipu ya mshale haikuchongwa kwa ajili ya mkono. Imechongwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyesimama mbele yako. Kalamu iko ndani ya mfuko, imefichika yote, na kinachobaki nje ni mshale tu. Karani wa miaka ya 1960 aliyevaa shati jeupe na mshale kifuani alikuwa amesema kila kitu kabla ya kufungua mdomo: najua kusoma, najua kuandika, na sahihi yangu ina kazi. Sioni ubaya kwa mtu kujivunia hayo. Ninachosema ni kwamba kitu kilichobuniwa ili kionekane ni rahisi sana kukizushia hadithi. Biki haizushiwi hadithi. Hakuna familia inayosema, Mzee alipewa biki hii na gavana.

Turudi kwenye wino. Nilifungua kalamu. Jotter hufunguka katikati, unazungusha kwenye hesi, nusu mbili zinaachana. Ndani kuna springi ndogo na mrija wa wino, yaani rifili. Rifili halisi ya Parker ni kipande cha chuma kinene, chenye bega pale mbele ambapo springi inaegemea. Iliyotoka kwa Guka haikuwa hiyo. Ilikuwa mrija mwembamba wa plastiki, wa kalamu ya shilingi kumi, uliozungushiwa ukanda wa karatasi mpaka ukawa mnene wa kutosha. Nyuma yake, ili kuziba pengo la urefu, palikuwa na kipande cha kijiti cha kiberiti.

Nilikaa nikikiangalia kijiti kile kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Angalieni alichofanya. Ukanda wa karatasi ulikuwa na kazi mbili: kuzuia mrija usicheze, na kutengeneza bega ili springi ipate pa kuegemea. Bila bega, springi ingeteleza mpaka nyuma na kitufe kingekufa. Kijiti nacho kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, si kwa kukisia, kwa sababu kikizidi nusu milimita ncha haingii ndani, na kikipungua haitoki. Mtu aliyefanya hivi alijaribu mara nyingi. Karatasi nilipoikunjua ilikuwa ya mistari, ya daftari, na ilikuwa na mwandiko wake: "Wajumbe waliohudhur". Kipande cha kumbukumbu za mkutano wa chama cha ushirika wa kahawa, ambako alikuwa katibu baada ya kuacha shamba. Alichana kumbukumbu za mkutano mmoja ili aweze kuandika za mkutano mwingine.

Huyu ndiye mtu ambaye nilimwandikia sentensi kuhusu mzungu mkarimu.

Basi nikaamua kumpatia rifili ya kweli, ingawa amechelewa kuipata. Nikaingia mjini. Duka la kwanza, barabara ambayo sitaitaja, kijana aliyekuwa kwenye kaunta alisikiliza kwa subira nikieleza. Nilikuwa nimesoma, nikajiona mjanja, nikamwambia, "Nataka rifili ya G2." Akaenda nyuma, akarudi anatabasamu.

"Hii hapa, kastoma. G2. Imeandikwa hata."

Kweli imeandikwa. Ni kalamu ya jeli ya Pilot iitwayo G2, na rifili yake pia huitwa hivyo. Nilinunua. Nilifika nyumbani, nikaisukuma, ikakataa kata kata, ni ndefu mno na umbo lake ni lingine kabisa. Kama mtu yeyote anayesoma hapa ana kalamu ya mzazi wake kwenye droo na anataka kuifufua, na asipokumbuka kitu kingine chochote kutoka makala haya, akumbuke hili: G2 ya Pilot ni jina la bidhaa, na G2 ya rifili ni jina la umbo. Hazihusiani hata kidogo.

Umbo lenyewe la G2 ndilo lile la Parker. Parker walitengeneza mrija wao, wengine wakaona ni mzuri wakaanza kuunda kalamu zinazoukubali, na hatimaye shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaandika vipimo katika kiwango namba 12757. Urefu ni kama milimita 98, unene kama milimita 6. Kwa hivyo leo rifili inayoingia kwenye Jotter si lazima iwe ya Parker. Schmidt wa Ujerumani wanayo, P900. Schneider wanayo, Slider 755. Fisher, wale waliotengeneza rifili yenye hewa iliyobanwa ambayo wanaanga wa Apollo 7 walikwenda nayo mwaka 1968, wanauza yao na kidude cha plastiki cha kuunga nyuma ili itoshe. Wazo lao ndilo lile la kijiti cha kiberiti, nasema tu.

Si kampuni zote zilizokubali kuishi hivyo. Cross wana mrija wao mwembamba ambao unaufunga kwa hesi, na ukiukosa kalamu yako ni pambo. Lamy wana umbo lao, Montblanc wana lao. Hizo ni kalamu nzuri, sina ugomvi na wino wake. Nina ugomvi na wazo lake. Kitu ulichonunua kwa pesa yako kinakurudisha dukani kwa aliyekiuza kila kinapokauka.

Mimi nililelewa na mashairi ya arudhi, na siwezi kuiangalia G2 bila kuwaza mizani. Mshororo wa mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, si mali ya mtu. Mtunzi wa Lamu anaujaza, wa Tanga anaujaza, binti wa Kayole akitaka anaujaza kwa Sheng na unakubali. Watu waliochukia arudhi waliniambia chuoni kwamba ni jela. Sasa naona wangekuwa wamefungua kalamu kidogo. Kipimo kinachojulikana na wote ndicho kinachomruhusu maskini kuingiza kijiti chake. Guka aliweza kuidanganya Jotter kwa sababu ndani yake ni wazi na rahisi: springi, bega, urefu. Angekuwa na Cross, kumbukumbu za ushirika zingebaki bila kuandikwa.

Nimetoka kwenye mstari kidogo, mnisamehe.

Kabla ya kununua rifili nyingine nilitaka kuhakikisha tundu la ncha halijapanuka, kwa sababu chuma cha mbele kilikuwa na mikwaruzo. Nikampelekea fundi wa saa, mmoja wa wale wanaokaa kwenye kibanda cha kioo chembamba kama kabati ngazini. Ana lenzi ya kubana jichoni. Akaichunguza ncha, akasema iko sawa. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu ambaye maisha yake yote ni kusoma maandishi madogo, akaigeuza na kusoma ukingo wa kifuniko.

"Bosi, hii ni ya lini?"

"1963," nikasema. Kwa fahari.

"Mmh," akasema. "Hapa kuna namba ya kiwanda. Saa zikiwa na namba hivi huwa si za zamani sana."

Akanipa lenzi. Pale chini ya kifuniko, karibu na pale nusu mbili zinapokutana, kuna maandishi ambayo kwa macho nilikuwa nikiyaona kama mkwaruzo: PARKER, kisha MADE IN UK, kisha mistari miwili midogo ya wima, kisha herufi A.

Nilirudi nyumbani na kusoma mpaka saa nane usiku. Parker walianzisha mfumo huu wa herufi mwishoni mwa miaka ya 1970. Chukua neno QUALITYPEN, lina herufi kumi. Q ni sifuri, U ni moja, A ni mbili, na kuendelea mpaka N ambayo ni tisa. Herufi inakuambia tarakimu ya mwisho ya mwaka. Robo ya mwaka mwanzoni ilionyeshwa kwa herufi nyingine, na kuanzia 1987 ikaonyeshwa kwa mistari: mitatu ni robo ya kwanza, miwili ni ya pili, mmoja ni ya tatu, na robo ya mwisho haina mstari. Yaani kila robo ikipita, fundi kiwandani anafuta mstari mmoja.

Mistari miwili na A: robo ya pili ya mwaka unaoishia na mbili. 1982 haiwezekani, kwa sababu wakati huo mistari haikuwepo. Tuna picha ya Guka kwenye harusi ya shangazi mwaka 1996, mshale unang'aa kifuani juu ya plastiki nyeusi, kwa hivyo 2002 nayo inaondoka. Kalamu hii ilitengenezwa kati ya Aprili na Juni 1992. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Huyo bwana wa shamba, kama bado alikuwa hai, alikuwa Uingereza akilisha kuku.

Kinachouma zaidi ni kwamba umbo halikuwa limenidanganya. Jotter ya 1963 ipo, klipu ya mshale ilikuwepo tayari wakati huo, chuma na plastiki vilevile. Ukiiangalia kwa umbali wa mfuko wa shati hadithi ya Anko inakubalika kabisa. Ilibidi uikaribie mpaka jicho ligusane na chuma. Na mimi, mhakiki, sikuwa nimeikaribia. Nilisikia, nikaandika, nikaongeza "haikutoka mfukoni mwake hadi mwisho" kwa sababu sentensi ilihitaji mkia.

Nikaenda Murang'a. Nilimkuta Shosho akichambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwandaa, maana nilidhani namletea habari mbaya, kwamba mume wake alimdanganya mtu mahali. Nikamweka kalamu kwenye ungo, juu ya maharagwe.

"Shosh, hii kalamu Guka aliitoa wapi?"

Hakuiangalia hata. "Nilimnunulia."

Ilibidi nikae chini.

Hadithi, kama alivyoisimulia, ni fupi. Ya mzungu ilikuwepo kweli, 1963, hiyo haikuwa uongo. Guka aliitunza karibu miaka thelathini. Kisha asubuhi moja akiwa na haraka ya mkutano aliinama chooni, choo cha shimo, na ikachomoka mfukoni ikaenda. Shosho alicheka mpaka akaacha maharagwe. Alisema Guka alikaa wiki nzima hazungumzi, kama mtu aliyefiwa, na aliwakataza watoto kusema. Mwaka huo zamu ya Shosho ya kupokea pesa za chama ikafika. Alikuwa amepanga kununua masufuria. Akapanda gari mpaka Nairobi, akaingia duka moja la Wahindi, akaonyesha kwa kidole mshale, akasema hii.

"Kwa hivyo masufuria?"

"Nikangoja zamu nyingine."

Guka aliichukua na kuivaa, na watu wa ushirika walipoiona tena mfukoni hawakujua kwamba si ile. Naye hakuwaambia. Miaka ikaenda, hadithi ya kwanza ikapanda juu ya kalamu ya pili na kukaa. Hata watoto wake waliokatazwa kusema walisahau kwamba kulikuwa na kitu cha kusema.

"Na siku ya mazishi ulisikia nikisoma?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuja na kijitabu kimeshachapishwa. Kina rangi."

Sasa naweza kumaliza uhakiki wangu. Irudie ile sentensi: "alipewa kalamu ya Parker na bwana wa shamba." Kitenzi ni cha kutendwa. Guka anapewa, hatendi. Anayetenda ni bwana wa shamba, ambaye hajazungumza nasi tangu 1963, na bado anashikilia nafasi ya mtendaji katika wasifu wa mtu aliyekufa akiwa na wajukuu kumi na wawili. Katika sentensi nzima hakuna mwanamke. Katika wasifu mzima, nimehesabu, Shosho anatajwa mara mbili: alipoolewa, na anapoachwa mjane. Katibu aliyekata kijiti cha kiberiti kwa kipimo naye hayumo. Nilikuwa na chaguo la hadithi tatu, ya zawadi ya mkubwa, ya ufundi wa mwenyewe, na ya mke aliyeahirisha masufuria, na nikachagua ile ambayo inaonekana kutoka mbali. Kama klipu.

Na sidhani ni mimi peke yangu. Tunaposimulia kazi ya kuandika nchini humu tunapenda sana vifaa vyenye mwanga. Sote tunajua kwamba Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa Kamiti, na kwamba Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharabainĩ gerezani kwenye karatasi za msalani. Karatasi hizo zimekuwa kama masalia matakatifu. Mimi nimezitaja katika insha tatu tofauti. Sijawahi hata siku moja kuuliza wino ulipoisha waliongezea nini, nani alileta, alikatwa nini kwenye mshahara wake ili alete. Swali la rifili halina mwanga, ni swali la mtu anayefua na kupika. Lakini ndilo swali linaloamua kama ukurasa wa pili utaandikwa.

Anko nimemwambia kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Lakini ya mzungu ilikuwepo." Ndiyo, Anko, ilikuwepo. Iko chini ya mgomba sasa, choo kile kilifukiwa zamani. Akasema tusiwachanganye watu. Kijitabu kiko kwenye nyumba mia mbili hivi, chenye rangi, na hatutachapisha kingine. Ndiyo sababu naandika hapa.

Rifili nilipata hatimaye, duka dogo la vifaa vya ofisi ghorofani, G2 ya kweli, ya chuma, yenye bega. Nilimpelekea Shosho kalamu na rifili pamoja ili aone ikifungwa. Niliondoa ukanda wa karatasi na kijiti, akaviomba, akavifunga kwenye kitambaa anachowekea pesa. Nikaweka springi, nikazungusha hesi, nikabofya. Akainyakua mkononi mwangu, akavuta daftari la chama kutoka chini ya kochi, akaandika jina lake lote, polepole, mpaka mwisho wa mstari.

"Ni ya bluu hii."

"Ndiyo, Shosh."

"Guka alikuwa anataka nyeusi."

"Nyeusi pia ipo. Ni umbo lilelile. Nitaleta."

"Leta," akasema, na kalamu akaitia kwenye kitambaa, pamoja na kijiti.